Mafuta Meusi na Madaktari wa Kasuku

Kindu ina magari machache na mabingwa wa magari wengi kupita kiasi. Silisemi hili kwa chuki. Nina Toyota RAV4 la mwaka 1998. Usukani wake uko kulia, maana Wajapani waliolitengeneza wanaendesha kushoto mwa barabara, nami naliendesha katika nchi inayoendesha kulia. Kila nikitaka kulipita lori inanibidi nimuulize abiria aliyekaa kushoto kama mbele kunapitika, na abiria wangu wengi hawajawahi kuendesha hata baiskeli. Gari la namna hii likianza kuguna mbele za watu, hakuna anayesema pole. Wanasema: fungua boneti.

Aliyesema penye wazee haliharibiki neno hakuwahi kufungua boneti katika mtaa wetu wa Kasuku saa kumi na moja jioni.

Mguno wenyewe niueleze, maana ndio uliozaa matata yote. Haukuwa mlio wa mkanda. Mkanda uliolegea hulia kwa sauti nyembamba ukiwasha gari asubuhi, injini ikipata joto unanyamaza. Huu ulikuwa mguno mnene. Unaanza pale unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, unapanda kadiri unavyozungusha, na ukifika mwisho wa usukani unakuwa malalamiko kamili. Usukani nao ulikuwa mwepesi hapa, mzito pale, kisha mwepesi tena, kana kwamba mtu yuko chini ya gari anashindana nami na kila mara anapumzika. Nikafungua kitungi cha mafuta ya usukani, yale tunayoita mafuta ya direksio, nikatazama kijiti kilichoshikamana na kifuniko. Kiasi kilikuwa kimepungua chini ya alama ya baridi. Mafuta yalikuwa meusi.

Nikasema "meusi" kwa sauti, na barabara nzima ikasikia.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa pikipiki ya teksi, ambaye alimwacha abiria wake kitini na mfuko wa mihogo mapajani. "Papa, hii mafuta iko ya moteri," akasema. "Walikuchanganyia." Pikipiki yake inatiwa mafuta ya aina moja tu, ya injini, kwa hiyo duniani hakuna aina nyingine. Nikamwambia asante. Akaniambia niuze gari ninunue pikipiki. Abiria akaunga mkono kutoka kitini.

Wa pili ni jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, mtu ninayemheshimu sana katika mambo mengine yote. Alikuja na mikono nyuma, akainama, akatazama kitungi kwa muda mrefu kama anasoma barua ya serikali. Kisha akatoa hukumu: mafuta yakiwa meusi ni ishara kwamba yamefanya kazi. Mafuta yanayobaki safi ni mafuta mavivu. Wao katika treni, akasema, mafuta meusi waliyaona kila siku na treni ilifika. Ningependa wasomaji wakumbuke kwamba mzee huyu alitumia maisha yake yote ya kazi katika chombo kisicho na usukani. Reli ndiyo inayoamua treni iende wapi. Lakini nani atamkatiza mzee? Nikasema ndiyo, mzee.

Wa tatu alikuwa shemeji yangu, kwa simu, kutoka Lubumbashi. Alikuwa ameona video. Katika video hiyo mtu anamimina chupa ndogo ya dawa, anazungusha usukani kwa kidole kimoja, anacheka. Shemeji alitaka nitafute hiyo dawa. Nilimuuliza inaitwaje. Akasema chupa yake ni ya buluu.

Na wa nne alikuwa mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese pembeni mwa njia, ambaye hakuitwa na hakusema chochote mpaka wanaume walipokwisha. Alisogea, akachovya ncha ya kidole kwenye kijiti, akasugua kidole na kidole gumba, akanusa. "Papa, hii imeungua," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Wanaume wakacheka. Mama wa mawese anajua nini juu ya direksio? Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha kunusa na mimi, na harufu ilikuwa hiyohiyo: mafuta yaliyokaa kwenye moto kupita kiasi. Huyu mama ameyatazama mafuta yakichemka tangu utotoni, katika mkoa ambao michikichi haikosi nyuma ya nyumba. Kati ya madaktari wote wa jioni ile, ni yeye peke yake aliyemgusa mgonjwa.

Hebu niseme mafuta haya yanafanya nini humo ndani, maana nimegundua kwamba wengi wanaobishana juu yake wanadhani ni ya kulainisha tu. Hayalainishi tu, yanasukuma. Injini inazungusha pompu, pompu inayabana mafuta, na mafuta yaliyobanwa ndiyo yanayosukuma ule mtambo wa magurudumu ya mbele ambao mafundi wetu wanauita kremayeri. Wewe unaonyesha njia tu. Mwenye kubuni jambo hili liwe la kufaa katika gari alikuwa mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, aliyewahi kufanya kazi na kampuni ya Pierce-Arrow, watengenezaji wa malori, akaona jinsi madereva wa malori wanavyoumia mabega. Mwaka 1926 alikuwa na gari linaloendeshwa kwa msaada wa mafuta. Wenye viwanda wakalitazama, wakasema zuri, wakasema ghali. Magari ya kivita yakatangulia kuutumia mtambo huo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Gari la kwanza la kununuliwa na mtu wa kawaida likiwa na msaada huo lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951. Robo karne nzima mtu anasubiri! Mimi niliyewahi kusubiri kipuri Kindu ninamwelewa Davis kuliko wasomaji wangu wa Nairobi watakavyomwelewa.

Tuje kwenye rangi. Magari mengi ya Kijapani ya umri wa la kwangu hutumia mafuta yaleyale ya giaboksi otomatiki, ya aina ya Dexron iliyoanzishwa na General Motors, na kifuniko chenyewe mara nyingi kimeandikwa hivyo. Mafuta hayo hutiwa rangi nyekundu kiwandani kwa makusudi, ili ukiona doa chini ya gari ujue si mafuta ya injini yanayovuja. Wekundu huo hauna kazi nyingine. Haufanyi usukani uwe mwepesi. Lakini ni shahidi. Yakiwa mapya yanapitisha mwanga, mekundu safi. Yakianza kuzeeka yanakuwa mekundu ya giza, baadaye maji ya kunde, na hapo bado hujafika pabaya sana. Honda wao wana mafuta yao wenyewe, ya rangi hafifu, na baadhi ya magari ya Ulaya hutumia ya kijani. Kwa hiyo anayekuambia "lazima yawe mekundu" bila kusoma kifuniko, mwombe aende kusaidia boneti nyingine.

Nikataka kujua weusi wangu ni weusi gani. Nikachukua karatasi nyeupe kutoka daftari la mwanangu wa darasa la nne, ambaye alilalamika kwamba ni daftari la hisabati, nikadondosha tone moja katikati. Tone likatanuka polepole. Kwenye kitovu likabaki jeusi zito, halafu duara la kahawia, halafu ukingo mwembamba wa mafuta yasiyo na rangi yoyote. Wekundu haukuwepo hata kwa kukodoa macho. Ndani ya ule weusi mlikuwa na vipande vidogo sana, kama vumbi la makaa. Nikavisugua kwa kidole: vililainika, vikapaka. Huo ni mpira. Vingekuwa vigumu, na vingeng'aa ukikishika kidole juani, ingekuwa chuma, na chuma ndani ya mafuta hayo maana yake ni kwamba pompu inajila yenyewe. Nikatoka nje hadi kwenye jua, nikageuza kidole huku na huku. Hakuna kilichong'aa. Mtoto akauliza kama anaweza kurudishiwa karatasi yake.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hapa kwetu ni wa kienyeji kabisa, nao si weusi. Ni weupe. Mafuta yanakuwa ya rangi ya maziwa au ya waridi iliyovurugika, na sababu yake ni maji. Tembea ufukoni mwa Lualaba Jumamosi utaona. Gari linateremshwa mpaka magurudumu yaguse mto, boneti inafunguliwa, na vijana wenye ndoo wanamwaga maji juu ya injini kwa nguvu na furaha, na kifuniko cha kitungi, ambacho mpira wake ulikwisha kupasuka zamani za Zaire, kinakunywa. Mwenye gari anasimama kando akijisifu kwamba gari lake linaoshwa mpaka ndani. Linaoshwa kweli mpaka ndani. Majirani zangu wawili wana maziwa katika direksio wakati huu ninapoandika, na wote wawili walikuja kunipa ushauri juu ya weusi wangu.

Ukiona povu, nalo ni jambo jingine: hewa imeingia. Mafuta yaliyojaa hewa hayabaniki sawasawa, ndiyo maana usukani unashika na kuachia, na ndiyo maana pompu inaguna. Mimi nilikuwa na weusi, vipande vya mpira, harufu ya kuungua, na nilipowasha injini na kutazama ndani ya kitungi, kulikuwa na povu dogo linalozunguka. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo yote niliyoyahitaji kabla fundi hajafika. Shida ni kwamba fundi naye alikuwa na maelezo yote aliyoyahitaji kabla hajafika.

Fundi wangu anakaa Alunguli. Wasioijua Kindu nawaeleza: mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Kindu-Port-Empain kwa heshima ya tajiri wao wa reli, umekatwa na mto Lualaba, na daraja hakuna. Kasuku na Mikelenge ziko upande huu, Alunguli upande ule. Mtu anayefanya kazi upande usio wake anavuka kwa mtumbwi. Fundi alivuka na kisanduku cha funguo na kriki kubwa ya kunyanyulia gari, na mpiga kasia akadai nauli ya kriki, kwa hoja kwamba imekaa mahali pa mtu. Nauli hiyo, bila shaka, ililipwa na mimi. Njiani wenye mtumbwi walimuuliza anakwenda kutengeneza nini, akasema direksio inayoguna, wakajadiliana mpaka ng'ambo, na aliposhuka ufukoni alikuwa na jibu.

"Papa, pompu imekufa. Tutaitisha ingine."

"Umeiona wapi pompu, fundi?"

"Hiyo sauti tunaijua."

"Sauti gani? Gari limezimwa."

Akatazama gari kwa huzuni, namna watu wanavyomtazama ndugu wa marehemu ambaye hajaambiwa.

Kuitisha pompu Kindu si neno la kutamka hivihivi. Zamani tulitegemea Goma: unapiga simu asubuhi, kipuri kinapanda ndege, unakipokea uwanjani kikiwa bado na baridi ya juu. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, ndege za kule zikasimama, na vipuri vyetu vikasimama pamoja nazo. Inabaki Lubumbashi, kwa treni, siku treni itakapopenda. Au Kisangani, kwenye mgongo wa pikipiki, katika barabara ambayo mpaka kipuri kifike huwa kimetumika tayari. Na pompu yenyewe ingekuwa ya mitumba, iliyochomolewa katika gari lililokufa kwa ugonjwa nisioujua. Eti nimlipe mtu dola nyingi aniletee mafuta meusi ya gari la mwenzangu!

Nikamwonyesha karatasi ya hisabati. Nikamwambia hakuna chuma. Nikamwomba, kabla ya kumzika mgonjwa, aguse mipira. Fundi wangu ana ubora mmoja ambao mafundi wengi hawana: akikasirika anafanya kazi kwa bidii ili kukuonyesha kwamba umekosea. Alishika ule mpira mnene unaotoka kwenye kitungi kwenda kwenye pompu, akaubinya. Ulikuwa laini kupita kiasi, na nje umepasukapasuka vimistari vingi, hasa pale kwenye klipu. Klipu yenyewe ilizunguka kwa mkono bila bisibisi. Akauchomoa, akaingiza kidole cha shahada ndani yake, akakitoa. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye pingili ya pili.

Akanyamaza. Mzee wa reli akasogea. Kijana wa pikipiki akazima injini.

"Iko tiyo, Papa," fundi akasema, yaani ni ule mpira, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya ndugu yake.

Mambo yakawa wazi. Mpira huo ni wa kuvuta, haumo katika mbano mkubwa. Ukipasuka hauvuji sana, unanyonya hewa. Hewa ndiyo iliyoleta mguno na povu. Mpira wenyewe ulikuwa unaoza kwa ndani na kuyapa mafuta vipande vyake, na mafuta yaliyokwisha kupikwa yakaongeza weusi wao. Waliyapika akina nani? Sisi madereva. Ukizungusha usukani mpaka mwisho ukaushikilia pale, pompu inabana mafuta yasiyo na pa kwenda, valvu inafunguka, yanazunguka palepale na kupata moto mkali kwa sekunde chache tu. Mahali pengine mtu hufanya hivyo akiegesha gari. Sisi tunafanya hivyo kwenye barabara ya Kalima wakati wa mvua, magurudumu yakiwa yamezama katika mfereji wa malori, usukani umekatwa hadi mwisho kulia, gari linakwenda kushoto, na watu nje wanapiga kelele "Kata! Kata zaidi!" Wanataka nikate wapi zaidi? Mwenye gari la awali huko Japani sidhani alipata kuambiwa hivyo hata mara moja.

Mpira mpya ulizua mjadala wa pili. Mtazamaji mmoja alipendekeza mpira wa kumwagilia maua. Mwingine akaleta kipande cha tyubu ya baiskeli, bure, kwa moyo safi kabisa. Nawaomba wenye moyo safi watambue kwamba mpira wa maji ukikutana na mafuta ya moto unalainika na kuvimba, na baada ya muda unarudi kulekule tulikotoka. Unatakiwa mpira unaostahimili mafuta, na hata huo ni kwa upande wa kuvuta na wa kurudishia tu. Ule wa mbano mkubwa, wenye vichwa vya chuma, hakuna klipu ya duniani itakayouzuia. Fundi alipata kipande kizuri kwa mtu anayevunja malori mabovu, akakikata kwa kisu, akafunga klipu mbili mpya. Bei yake ilikuwa ndogo hata kuliko nauli ya kriki.

Ilibaki kununua mafuta, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mpaka hapa nilikuwa napasha moto.

Mnazijua meza za makadafi, vijana wanaouza esansi, yaani petroli, kando ya barabara. Juu ya meza kuna chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa, na ndani yake kila kinachomiminika: esansi, mazuti, mafuta ya injini, mafuta ya freni, mafuta ya direksio. Hakuna chupa iliyoandikwa. Pembeni yake, katika chupa zilezile, kuna meza ya mawese. Nilimwomba kijana mafuta ya direksio. Akanyoosha mkono bila kutazama akanipa chupa nyekundu. Nikaiinua juani. Mafuta ya Dexron yakiwa mapya unaona kidole chako upande wa pili. Haya yalikuwa mazito, ya rangi ya machungwa, na chini yameganda. Nikafungua, nikanusa.

"Kijana, haya ni mawese."

"Hapana, Papa. Iko orijino."

Mama wa mawese akageuka, akaitambua chupa yake, akaichukua mkononi mwangu, akamtazama yule kijana kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa. Kijana akanipa nyingine, hafifu, karibu rangi ya maji. "Basi chukua hii. Zote ni mafuta." Hiyo ilikuwa ya freni. Nami nasema hili polepole, maana ndilo linaloua magari mengi mji huu kuliko matope: mafuta ya freni si ndugu wa mafuta ya direksio. Msingi wake hata si mafuta ya madini. Ukiyatia kwenye direksio, ringi za mpira zilizomo ndani ya pompu na kremayeri zinavimba, zinalegea, zinaharibika, na siku chache baadaye gari linavuja kila mahali. Hapo pompu inakufa kweli, na fundi wa Alunguli anavuka mto akiwa na haki.

Nilikwenda dukani nikanunua lita moja iliyofungwa, yenye kifuniko ambacho hakijaguswa. Sitasema bei, mke wangu husoma safu hii.

Fundi alinyanyua magurudumu ya mbele, akauchomoa mpira wa kurudishia kwenye kitungi, akauelekeza kwenye kidumu, akaziba ule mdomo uliobaki. Injini ikawashwa. Mtu mmoja anazungusha usukani kulia na kushoto, mwingine anamimina mapya, kwa sababu pompu ikizunguka kavu inajikwaruza. Yakatoka meusi. Yakaendelea kutoka meusi. Fundi anapiga kelele "Ongeza! Ongeza!", mimi namimina pesa zangu nyekundu zigeuke nyeusi mbele ya umma. Baadaye maji ya kunde, baadaye mekundu machafu. Lita ikaisha kabla ya rangi kusafika, tukazima, mtu akatumwa dukani akalete nyingine, na mzee wa reli akauliza kwa upole kama bado nina hakika yale ya kwanza yalikuwa na ubaya gani. Chini ya kitungi kulikuwa na chujio la wavu mwembamba lililozibwa na ute mweusi. Lilisuguliwa kwa esansi na mswaki ambao mwenyewe bado anautafuta. Mwishowe tukaacha mafuta yatulie, tukazungusha usukani taratibu injini ikiwa imezimwa, tukaongeza, tukazungusha tena, mpaka mapovu yakaisha.

Usukani sasa ni mwepesi kulia na kushoto. Mguno umekwisha, isipokuwa asubuhi ya baridi ya mvua, dakika moja hivi, na hilo gari la mwaka 1998 linaruhusiwa. Mafuta yaliyotoka aliomba mzee wa reli, akapaka nguzo za ua wake dhidi ya mchwa. Kwa hiyo hayakumwagwa mtoni, na yanaendelea kufanya kazi kama alivyotabiri. Juzi alipita akaniomba nifungue boneti. Akatazama mafuta mapya mekundu kwenye kijiti, akatikisa kichwa. "Mpaka leo hayajafanya kitu," akasema.

Kwenu ninyi mnaouza kando ya barabara kuanzia Kasuku mpaka Mikelenge, na ninyi wa Alunguli pia: siwaombi mshushe bei, wala siwaombi chupa mpya. Naomba muandike juu ya chupa kilichomo ndani. Freni. Direksio. Mawese. Neno moja linatosha, na kalamu nitaleta mimi.